Kununua vioo vya kupulizwa kwa mkono: anzia tanurini, malizia rafuni

Kioo ninachokisema hapa si kile cha kujitazamia ukutani. Nasema bilauri, jagi, bakuli, chupa za maua, vivuli vya taa na shanga ambazo fundi amezichota tanurini zikiwa uji wa moto, akazipa umbo kwa pumzi na mikono yake. Vitu hivi huuzwa kwenye maduka ya hoteli na kwenye maonyesho ya sanaa, lakini pahali pazuri pa kuvinunua ni pale pale vinapozaliwa, na siku nzuri ni ile karakana inapofungua milango ili wageni watazame kazi, wazungumze na mafundi na wanunue bila mtu wa kati.

Kikombe changu cha kwanza cha kioo cha mkono nilikinunua kibandani. Kilikuwa kinene, cha kijani kilichopauka kama maji ya bahari, na ndani yake vipovu vidogo vilivyonaswa. Muuzaji hakujua kilikotengenezwa wala hakuniambia ni cha nini. Nilikipeleka nyumbani, nikakimiminia chai iliyokuwa inachemka, na kikakatika pale pale kuzunguka kitako kana kwamba kimepitishwa uzi. Baadaye fundi mmoja alinieleza sababu, nami nitaifikia. Tangu hapo sinunui kioo cha mkono kabla ya kusimama mbele ya tanuri kinakotoka, na mwongozo huu ni ule ambao ningependa kupewa kabla ya kikombe kile.

1. Chagua karakana, kisha piga simu

Afrika Mashariki karakana za kupuliza kioo si nyingi. Mbili zinazofikika kwa urahisi ni za Kitengela, nchini Kenya, na Shanga, mjini Arusha.

Kitengela iko katika kaunti ya Kajiado, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi upande wa kusini. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, ndiye aliyeanzisha kazi ya vioo huko, hasa vioo vya rangi vya madirishani. Mwanawe, Anselm Croze, akajenga tanuri la kupulizia, na sehemu hiyo ndiyo inayojulikana kama Kitengela Hot Glass. Malighafi yao ni vioo chakavu: vipande vya madirisha na chupa zilizotumika. Ukitokea upande wa mji wa Ongata Rongai utafika kwenye daraja la kuning'inia juu ya korongo la mto Mbagathi, na unavuka kwa miguu. Kumbuka jambo hilo unapopanga, kwa sababu chochote utakachonunua utarudi nacho ukilivuka daraja lile lile linaloyumba. Nenda na begi la mgongoni ili mikono yote miwili ibaki huru kushika kamba. Mwenye gari anaweza kuzunguka upande wa pili, lakini wakati wa mvua ulizia hali ya barabara kabla ya kuondoka nyumbani.

Shanga iko kwenye bustani za Arusha Coffee Lodge, magharibi mwa mji. Ilianza na mikufu ya shanga kama jina lake linavyosema, na leo kuna upulizaji wa kioo, ufumaji na kazi nyingine za mikono. Mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu, wakiwemo viziwi. Usimpite fundi kiziwi ukaenda kumwuliza mwenzake anayesikia. Msimamie mbele akuone, msalimie kwa mkono na kwa uso, onyesha kitu unachokiulizia. Mtaelewana.

Kwa msomaji aliye Ulaya, kisiwa cha Murano kando ya Venice ndicho chenye jina kubwa kuliko vyote. Mwaka 1291 serikali ya Venice iliamuru matanuri yahamishiwe huko, na hofu ya moto mjini ilikuwa miongoni mwa sababu. Kwa aliye Marekani, jumba la makumbusho la vioo la Corning, katika jimbo la New York, huonyesha upulizaji mbele ya wageni. Karakana nyingi ndogo za huko na za Ulaya hufungua milango kuelekea Krismasi, watu wanapotafuta zawadi. Hatua nitakazoeleza zinafaa popote, kwa sababu kioo kina tabia moja duniani kote.

Unapopiga simu, uliza mambo matatu. La kwanza na kubwa: "Siku hiyo tanuri litakuwa linafanya kazi?" Tanuri huzimwa kwa matengenezo, na kuliwasha tena huchukua siku kadhaa kwa kuwa chungu cha ndani hupasuka kikipashwa moto haraka. Ukifika wakati huo utakuta duka tu, na nusu ya faida ya safari imekwisha. La pili, mafundi huanza saa ngapi na hupumzika saa ngapi. La tatu, kama wanapokea M-Pesa au kadi. Hata wakikuambia wanapokea, beba pesa taslimu kidogo, maana mtandao ukikataa huna pa kukimbilia.

2. Vaa kwa ajili ya moto

Viatu viwe vya kufunika vidole. Sakafu ya karakana haikosi vigae vya kioo, hata ikifagiliwa kila saa. Nguo ziwe za pamba. Nailoni na polista huyeyuka na kugandia mwilini zikipatwa na kipande cha moto. Mtandio, shela au buibui pana vikusanywe vizuri visipeperuke karibu na mdomo wa tanuri. Beba maji ya kunywa.

Ukienda na watoto, waambie kabla hamjaingia, si baada: kioo cha moto na kioo baridi vinafanana. Kikiwa chekundu kila mtu anakiogopa. Kikishuka hadi nyuzi 400 kinaonekana safi kama bilauri ya kabatini, na hapo ndipo kinapounguza ngozi vibaya. Kwa hiyo wasiguse kitu chochote kilicho upande wa mafundi, hata kipande kilicholala sakafuni. Simameni nyuma ya mstari uliowekwa, na msikae katika njia inayotoka tanurini kwenda kwenye benchi la fundi. Mtu anayebeba bomba lenye donge la moto hawezi kusimama ghafla. Msikodolee macho ndani ya tanuri kwa muda mrefu. Mafundi wengi huvaa miwani maalumu kwa sababu hiyo.

Kuhusu picha, omba ruhusa kwanza, na usiwashe flashi.

3. Kaa utazame kitu kimoja kutoka mwanzo hadi mwisho

Wageni wengi hutazama dakika tano, wakapiga picha, wakakimbilia rafuni. Wewe kaa. Bilauri moja ya kawaida haichukui muda mrefu, mara nyingi chini ya nusu saa, na ukishaitazama ikizaliwa utaijua kila bilauri utakayoishika baadaye.

Kazi huanza kwa kuchota. Ndani ya tanuri kuna kioo kilichoyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi. Msaidizi anatumbukiza ncha ya bomba refu la chuma na kulizungusha, kama mrina asali anayezungusha kijiti ili asali isidondoke, na anatoka na donge linalong'aa. Kuanzia hapo bomba halitaacha kuzunguka. Likisimama kidogo tu, donge linalegea na kuning'inia upande mmoja, na ile bilauri iliyopinda utakayoikuta rafuni ilipinda katika sekunde hizo.

Donge hubiringishwa juu ya meza ya chuma ili lipoe kwa nje na linyooke. Kama kutakuwa na rangi, wakati mwingi huingia hapa: donge linabiringishwa juu ya chenga za kioo cha rangi, zikashika, kisha linarudishwa motoni zikayeyukia ndani yake. Fundi anapuliza. Pumzi si kubwa kama unavyodhania. Mashavu hayafuri, ni mpulizo mfupi, na povu moja linatokea ndani ya kioo. Baada ya hapo anakaa benchi, bomba analilaza juu ya mikono miwili ya benchi na kulisukuma mbele na nyuma kwa kiganja cha kushoto, huku mkono wa kulia umeshika gazeti lililokunjwa na kuloweshwa maji. Kwa gazeti hilo anafinyanga kioo cha moto. Mvuke unapanda, karatasi inanukia kama jiko la kuni, na kati ya kiganja na donge lenye joto la karibu nyuzi 1,000 hakuna kingine ila karatasi mbichi.

Kila baada ya dakika moja au mbili kioo kinakuwa kigumu, kinarudishwa kwenye tundu la moto kilegee, kinaletwa benchini tena. Hesabu safari hizo. Kwenye karakana zinazotumia chupa chakavu zinakuwa nyingi, kwa sababu kioo cha chupa kilitungwa kiwandani ili kigande haraka kwenye mashine. Fundi anayekipuliza kwa mkono anashindana na saa. Ndiyo maana vitu vya Kitengela vina unene wake na umbo lake zito la kutulia, na usivipime kwa kipimo cha glasi nyembamba za Venice. Kioo kingine, mbio nyingine.

Halafu inafika sehemu ambayo watazamaji wote hunyamaza. Bilauri imeshapata kitako lakini mdomo wake bado umeshikwa na bomba. Msaidizi analeta fimbo ya chuma yenye tone dogo la kioo cha moto, analibandika katikati ya kitako. Fundi anadondosha maji kwenye shingo aliyoibana kwa koleo, anagonga bomba mara moja, na kioo kinaachana na bomba kikabaki kimeshikwa kwa nyuma. Sasa mdomo uko wazi, unapashwa moto, unapanuliwa na kulainishwa kwa moto wenyewe. Mwisho fimbo nayo inagongwa, na kitu kinachukuliwa kwa glavu nzito kupelekwa kwenye tanuri la kupozea.

Pale kwenye kitako panabaki alama ya fimbo. Mimi naiita kitovu, na sijapata jina linaloifaa zaidi, kwa kuwa ndipo kioo kilipokatwa kutoka kwa kilichokizaa. Kikumbuke kitovu hicho. Tutakitafuta dukani.

4. Ulizia kupozwa

Kioo kilichomalizika hakiachwi mezani kipoe. Nje kingepoa kabla ya ndani, tabaka la nje lingejibana wakati la ndani bado limetanuka, na mvutano huo ungebaki umefungiwa humo. Kinaweza kupasuka saa hiyo hiyo, au kikae wiki tatu kabatini kipasuke usiku bila kuguswa. Kwa hiyo huwekwa kwenye tanuri la pili, kwa kioo cha kawaida ni kwenye joto la karibu nyuzi 500, kikatulia humo, kisha joto likashushwa polepole usiku kucha. Kitu kinene kama sanamu huhitaji siku kadhaa.

Hii ndiyo sababu huwezi kwenda nyumbani na kitu ulichokiona kikipulizwa leo. Hata kama karakana inaruhusu wageni kupuliza cha kwao kwa malipo, kitachukuliwa kesho au utatumiwa. Ukikuta mahali wanakupa kioo kingali na uvuguvugu wa benchini, kiache.

Hapa ndipo nilipoelezwa habari ya kikombe changu. Nilimwuliza fundi, mzee mwenye makovu madogo madogo kwenye mikono yote miwili, kwa nini kilikatika.

"Mama, kilikuwa kinene?" akaniuliza.

"Kinene sana."

"Basi chai ilipoingia, ndani kulitanuka, nje kulikuwa bado kumelala. Kioo kinene hakipendi chai. Kuna kioo cha maabara, kile kinavumilia. Hiki chetu ni cha maji, juisi na maua."

Kioo cha chupa na cha dirisha hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa, na unene humwongezea mtu imani isiyo na msingi: kitu kinene kinavumilia kudondoka kuliko chembamba, lakini mbele ya maji ya moto ni dhaifu zaidi. Sisi ni watu wa chai ya kuchemka, kwa hiyo swali hili liulize kwa kila kikombe chenye mkono: "Fundi, hiki ni cha chai au ni cha maji baridi?" Fundi mkweli atakujibu bila kusita.

5. Sasa nenda rafuni

Uingie mikono mitupu. Begi liache kaunta, mkufu mrefu uingize ndani ya nguo. Kisha shika kitu kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako. Usikibebe kwa mdomo wala kwa mkono wake wa kushikia.

Anza na kitako. Kigeuze utafute kitovu. Kinaweza kuwa kovu la mviringo lililokwaruza kidogo, au kibonde laini kilichosagwa na kung'arishwa, au kimefunikwa kwa muhuri. Vyote ni sawa ilimradi visikwaruze meza. Pitisha kidole, na kikikukwangua omba wakisage. Kwenye karakana ni kazi ya dakika chache. Kama chini hakuna kitovu kabisa, bali kuna nambari na herufi zilizochomoza, na ubavuni kuna mistari miwili iliyonyooka inayotazamana, kitu hicho kilitoka kiwandani kama chupa na kukatwa juu. Bilauri za chupa zilizokatwa ni nzuri, hata mimi ninazo, na zinaokoa chupa zisitupwe. Lakini ni kazi ya kukata na kusugua, si ya kupuliza, na bei yake haipaswi kuwa ya kupuliza. Anayekuuzia moja kwa jina la nyingine anakudhulumu wewe na anamdhulumu fundi wa tanurini.

Kiweke mezani ukisukume kidogo. Kinayumba? Kuinama ni jambo moja, kuyumba ni jingine. Jagi lililoinama kidogo lina haiba yake. Jagi linaloyumba litaangushwa na paka.

Mdomo ndio utakaogusana na midomo yako, kwa hiyo upitishie kidole taratibu kuzunguka kote. Mdomo uliolainishwa motoni ni wa duara na unateleza. Kama ni wa kunywea na una kona kali, hata mahali pamoja tu, usinunue.

Kiinue mbele ya dirisha. Vipovu vidogo vilivyotawanyika katika kioo chakavu ni vya kawaida, tena ndivyo vinavyokipa uhai. Povu kubwa lililo juu juu, lenye ngozi nyembamba, litakuja kupasuka na kuacha kidonda chenye makali. Punje nyeupe kama mchele ni jiwe, yaani kipande ambacho hakikuyeyuka au kilibanduka kwenye chungu, na pembeni yake ndipo ufa huanzia. Tafuta pia nyufa ndogo pale kitu kilipoungwa kwa kingine: mkono wa jagi, mguu wa bilauri, sikio la bakuli. Zinaonekana kama unywele unaomweka ukigeuza kioo.

Rangi nayo ina mambo yake. Kijani hafifu kwenye ukingo wa kioo cha dirisha kinatokana na chuma kilichomo katika mchanga. Buluu iliyokolea ni kobalti, feruzi ni shaba, na waridi la kweli mara nyingi hupatikana kwa dhahabu kidogo iliyoyeyushwa humo, ndiyo maana bei yake huruka. Kwenye karakana za kioo chakavu, kahawia na kijani mara nyingi hurithiwa moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Rangi iliyo ndani ya kioo haikwanguki. Rangi iliyopakwa juu baada ya kupoa itabanduka kwa kuoshwa, na utaitambua kwa kuikwaruza kwa ukucha mahali pa siri, baada ya kuomba ruhusa. Kama kitu ni cha chakula au kinywaji na rangi iko upande wa ndani, uliza ni ya aina gani. Kwa vile vinavyouzwa kama kristali, uliza kama vina madini ya risasi. Vya maua havina neno.

Jagi lijaribu kwa maji. Karakana iliyofungua milango haitakunyima. Mimina, simamisha ghafla, utazame kama tone linateleza shingoni hadi kitambaani. Majagi mengi mazuri ya macho hayajui kumimina.

Ukitaka seti ya sita, usitafute zinazofanana, hazipo. Chagua zinazolingana: zipange mstari, utazame vimo vyake, kisha ujaze moja maji na kuyahamisha kwenye nyingine hadi ujue zinakaribiana ujazo. Mimi huchagua nane kwa ajili ya sita. Miaka minane ijayo moja itakuwa imevunjika na fundi yule atakuwa anafanya umbo jingine.

Saini ya fundi au muhuri wa karakana ni vizuri kuwa navyo, lakini usivitegemee pekee. Murano, ambako vioo bandia ni tatizo kubwa, sheria ya Veneto, mkoa ulimo mji wa Venice, ya mwaka 1994 ilianzisha nembo ya Vetro Artistico Murano, na mnunuzi wa kule afanye bidii kuitafuta. Huku kwetu nembo kama hiyo sijaiona, na ushahidi bora ni macho yako yaliyokaa benchini asubuhi.

6. Bei, na jinsi ya kuizungumzia

Tanuri linakula mafuta au gesi usiku na mchana, watu wakiwepo wasiwepo. Kila kitu unachokiona kilishikwa na watu wawili au watatu. Na kwa kila vitu kadhaa vilivyofika rafuni kuna kilichodondoka, kilichopasuka, kilichokataa. Nimemwona kijana akifanya kazi kwenye chupa moja ya maua karibu saa nzima, kisha ikaachana na fimbo kabla ya wakati na kuanguka. Alifagia, akaenda kuchota tena. Hakulipwa na mteja kwa ile ya kwanza.

Kwa hiyo kitu kimoja kizima mimi sikipunguzi bei. Ninachofanya ni kuuliza waziwazi kuhusu rafu ya vyenye kasoro, ambayo karibu kila karakana inayo: povu lisilokaa vizuri, rangi iliyokimbilia upande mmoja, kimo kisicholingana na wenzake. Hapo ndipo mwenye mfuko mdogo apite kwanza. Kasoro za sura nunua bila wasiwasi. Kasoro za nguvu, yaani ufa, jiwe au mdomo mkali, acha hata ukipewa bure. Ukichukua vingi kwa pamoja, kuomba kupunguziwa ni haki, na ni adabu kuomba kwa mwenye duka, si kwa fundi aliye kazini.

Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu, chukua shanga. Kwa zaidi ya miaka elfu moja pwani yetu ilipokea shanga za kioo kwa majahazi, kwanza za Bara Hindi, na katika karne ya 19 za Venice zikipitia Unguja kwenda na misafara hadi Kongo. Leo shanga zinayeyushwa Arusha na Kajiado kutoka kwenye chupa zetu wenyewe, na mimi kila nikizivaa nafurahi.

7. Kufunga na kusafirisha

Usikubali kufungiwa karatasi moja na mfuko wa plastiki. Jaza kwanza ndani ya kitu kwa karatasi zilizofinywa, kisha kizungushie nje, na sehemu zinazochomoza uzipe mto wake. Vitu viwili vya kioo visigusane kamwe ndani ya boksi. Kwa safari ndefu weka boksi ndani ya boksi, na kati yao ujaze karatasi, nguo au khanga kuukuu. Tikisa, na ukisikia chochote kinatembea, fungua uanze upya.

Kwenye matatu au daladala kaa nacho mapajani. Si juu ya keria, si kwenye buti, si chini ya kiti panapopitishwa magunia. Kwenye ndege kiwe mzigo wa mkononi, na usikizungushie utepe wa gundi kila upande, maana afisa wa ukaguzi akitaka kukiona atakifungua kwa kisu.

Kama karakana inatuma, uliza kabla ya kulipa: kikifika kimevunjika hasara ni ya nani? Jibu liandikwe kwenye risiti.

8. Nyumbani

Kuna jaribio moja la kufanya jioni hiyo hiyo, na linahitaji miwani ya jua ya polaroidi, ile inayoondoa mng'ao wa maji na lami. Fungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta ya mkononi, vaa miwani, kisha inamisha kichwa taratibu upande mmoja hadi skrini iwe nyeusi. Shika kioo kati ya macho na skrini. Kilichopozwa vizuri kitabaki giza, au kitaonyesha weupe mdogo sana. Kikitoa michirizi inayong'aa au rangi za upinde wa mvua, hasa kitakoni na kwenye maungio, kuna mvutano ndani yake. Wapigie karakana, waeleze ulichokiona, waombe wabadilishe.

Osha kwa mkono, maji ya uvuguvugu, ndani ya beseni la plastiki au juu ya kitambaa kilichotandikwa kwenye sinki. Kitu kilichotoka kwenye friji kisikutane na maji ya moto, na barafu isitupiwe ndani ya glasi iliyokuwa juani. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukungu mweupe. Siki au ndimu, dakika kadhaa, unatoka. Kwa chupa ya maua yenye shingo nyembamba weka kiganja cha mchele mbichi, maji kidogo na tone la sabuni, kisha zungusha taratibu. Punje zitasugua mahali ambapo mkono haufiki. Chupa ya maua usiiache na maji yale yale kwa wiki nyingi, kwa sababu ukungu wake baadaye haubanduki hata kwa siki.

Na kikivunjika, usikimbilie kutupa. Piga simu karakana ulikokinunua uwaulize kama wanapokea vigae vya kioo chao wenyewe. Lazima kiwe chao, kwa sababu vioo vya aina tofauti hutanuka kwa vipimo tofauti, na vikiyeyushwa pamoja huachana vikipoa. Wakikubali, kusanya vyote kwenye mkebe wenye mfuniko uvipeleke safari ijayo. Wakikataa, vifunge kwenye gazeti nene, zungushia utepe wa gundi na uandike juu yake VIGAE, ili mzoa taka asikatwe mkono.